Ridhaa ya Nani? Picha za Majengo na Mandhari ya Frere Town na Deni la Simulizi

Mjadala wa maadili ya upigaji picha, kila unapozuka, aghalabu huanzia na kuishia kwenye uso wa mwanadamu. Huulizwa iwapo ni halali kumpiga picha maskini katika umaskini wake, mgonjwa kitandani, maiti barabarani, au mwanamke aliyejisitiri asiyetaka kuonwa na macho ya ajinabi. Maswali hayo ni mazito na yamejibiwa kwa namna nyingi. Lakini anayepiga picha ya mbuyu, ya ufuo au ya jengo kuukuu haulizwi neno. Inadhaniwa kwamba hana anayemkosea. Makala haya yanakusudia kuichunguza dhana hiyo na kudai kwamba picha isiyo na uso wa mtu ina deni, pengine zito kuliko lile la picha yenye uso, na kwamba deni hilo hulipwa kwa simulizi. Uwanja wetu ni Frere Town, upande wa Kisauni katika bara ya Mombasa, mahali ambapo karibu kila kitu kinachovutia kamera ya mpita njia kina habari za watu ambao hawamo pichani.

Msomaji huenda akashangaa kuiona mada hii katika kurasa za uhakiki wa fasihi. Asishangae. Sisi wahakiki tumezoea kuzungumzia taswira katika ushairi kana kwamba ni mali ya maneno peke yake, ilhali picha isiyo na maelezo humwachia mtazamaji kazi ileile anayoachiwa msomaji wa shairi: kujaza pengo. Tofauti ni kwamba mshairi ameliacha pengo lake kwa makusudi, na mpiga picha wa ridhaa mara nyingi hajui kwamba lipo.

Tuanze basi na neno hilo, ridhaa. Kiswahili humwita afanyaye jambo bila kutafuta malipo mtu wa ridhaa: mchezaji wa ridhaa, mwigizaji wa ridhaa, mpiga picha wa ridhaa. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu na ni ndugu wa radhi. Tunaomba radhi tunapomkosea mtu. Tunatafuta radhi za wazazi kabla ya safari na kabla ya ndoa. Na katika sheria ridhaa ni kukubali kwa mtu, kwa hiari yake, jambo litakalomgusa. Katika matumizi yote hayo ridhaa hutolewa na anayetendewa, au na yule anayeweza kudhurika. Kwa mpiga picha wa ridhaa, hata hivyo, ridhaa imehama ikaenda kwa mtendaji. Ni yeye aliyejiridhia. Hakuna aliyemtuma, na kwa hiyo hakuna anayemngoja na hesabu. Lugha imetutegea hapa mtego wa kifalsafa: jina tunalompa mtu kwa kumsifu, kwamba afanya kwa mapenzi na si kwa pesa, ndilo linaloficha swali la mapenzi hayo yameruhusiwa na nani.

Mpiga picha wa kazi, hata awe na uroho wa fedha namna gani, ana mteja. Vibanda vya wapiga picha vilivyokuwa karibu na kivuko cha Likoni katika miaka ya 1990 ni mfano mzuri. Pale mteja alijichagulia pazia la kusimama mbele yake, lililochorwa ndege, meli, au majumba marefu ya ng'ambo. Mandhari yale yalikuwa ya uongo, lakini ulikuwa uongo wa makubaliano, na mwenye uso ndiye aliyeulipia. Mambo ni mengine kwa yule ashukaye matatu Kengeleni, akatoa kamera, akaondoka. Njia ya mtu huyo ilifunguliwa mwaka 1888, George Eastman alipoanza kuuza kamera ya Kodak yenye ukanda wa picha 100, na ikapanuliwa mwaka 1900 kamera ya Brownie ilipouzwa kwa dola moja. Tangu hapo hata mtu asiyejua lolote la dawa wala vioo aliweza kuwa mpiga picha. Simu za mkononi zimekamilisha tu kazi hiyo. Hatulalamiki. Picha za watu wa kawaida zimetuhifadhia mengi ambayo wataalamu waliyadharau, na yeyote aliye na picha ya familia inayoonyesha lile daraja la kuelea la Nyali, lililowekwa mwaka 1931 na kuachwa baada ya daraja la sasa kufunguliwa mwaka 1980, ana mkononi ushahidi ambao hauwezi kupigwa tena.

Sasa tuitazame kengele yenyewe. Inasimama karibu na njia panda ambapo barabara ya Nyali huachana na barabara kuu iendayo Malindi, nayo ndiyo iliyoupa mtaa jina la Kengeleni. Kijiji cha Frere Town kiliasisiwa na wamisheni wa CMS chini ya William Salter Price kati ya mwaka 1874 na 1875, kikapewa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshurutisha Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa ya baharini. Walioletwa hapo ni watu walioteremshwa kutoka majahazi yaliyokamatwa na manowari za Kiingereza. Waliwatangulia Waafrika wengine waliokuwa wameokolewa zamani na kulelewa Nasik, huko India, ambao walirudi wakiwa na Kiingereza, ufundi na dini. Simulizi inayojulikana sana husema kwamba kengele ilipigwa ili kuwaonya mahuru kila ilipohofiwa kwamba wafanyabiashara wa watumwa wanakuja kuwateka upya. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mwaka 1880 uhusiano wa misheni na wenye watumwa wa Mombasa na mashamba ya jirani ulichafuka kwa sababu ya watoro waliokimbilia Frere Town, hata pakawa na vitisho vya kukishambulia kijiji.

Kiswahili hupiga picha na hupiga kengele kwa kitenzi kimoja. Lakini kengele iliyopigwa picha hailii. Mtazamaji aona chuma na uashi uliokishikilia. Haoni usiku, haoni mama akimtafuta mwanawe gizani, haoni aliyeshika kamba. Kwa hiyo anayepiga picha ya kengele hiyo na kuandika chini yake jina la mahali tu amechukua kile ambacho kilikuwa sauti akakifanya kitu.

Hata hivyo tusikimbilie kudhani kwamba akiiongeza ile simulizi ya onyo atakuwa amemaliza deni. Simulizi ya onyo ni ya kweli kwa kiasi chake, na ni tamu, maana ndani yake adui yuko nje na mwokozi yuko ndani. Yako mengine. Katika stesheni za misheni kwa jumla kengele ndiyo iliyoigawa siku: kuamka, kusali, kwenda shambani, kwenda darasani, kulala. Chuma kilichomwonya mtu huru dhidi ya mtekaji ndicho kilichomwambia pia saa ya kushika jembe. Na mnamo mwaka 1881 J. R. Streeter, mlei aliyekuwa msimamizi wa Frere Town, alishutumiwa kwa kuwachapa viboko watu walioletwa hapo kama mahuru. Maofisa wa Uingereza wakaja kuchunguza, na Price akalazimika kurudi kutengeneza mambo. Pahali pamoja, miaka ileile, palikuwa kimbilio na palikuwa na kiboko. Picha ya jengo haiwezi kuyaonyesha hayo mawili. Pengine haiwezi kuonyesha hata moja. Bertolt Brecht aliwahi kusema, na Walter Benjamin akamnukuu katika insha yake ya mwaka 1931 kuhusu historia ya upigaji picha, kwamba picha ya viwanda vya Krupp au AEG haitufundishi karibu lolote kuhusu viwanda hivyo, kwa kuwa mahusiano ya watu waliomo hayaonekani ukutani. Brecht alikuwa akifikiria mashine na mishahara ya Ujerumani, lakini hoja yake inaweza kuhamishiwa Kisauni bila kupunguzwa neno.

Hapa fasihi yatufaa. James Juma Mbotela, mtoto wa jamii hiyohiyo ya mahuru, alichapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kitabu ambacho baadhi ya wahakiki wamekihesabu miongoni mwa hatua za mwanzo za riwaya ya Kiswahili. Ndicho kitabu kinachotupa Frere Town kwa sauti ya aliyezaliwa ndani yake. Wahakiki wengi wamekishutumu kwa kumtukuza Mwingereza na kuufanya uhuru uonekane kama zawadi iliyotoka melini. Shutuma hiyo ina haki. Lakini kwa maoni yetu imesomwa kwa pupa. Mtu ambaye baba zake walinunuliwa na kuuzwa, kisha akafundishwa kusoma na haohao waliowateremsha majahazini, hakuwa na simulizi nyingine tayari ya kuazima. Aliitumia iliyokuwepo ili majina na safari za watu wake zisizame. Tunachojifunza kwake si kwamba wenyeji husema kweli siku zote. Tunajifunza kwamba simulizi ya mwenyeji nayo ni utungo, ina mtazamo wake, ina hadhira yake, na inataka kuhakikiwa kama utungo mwingine wowote. Mpiga picha akiipokea kwa mikono miwili bila kuuliza, atakuwa ametoka katika kosa la kunyamaza akaingia katika kosa la kukariri.

Liko jambo jingine ambalo watu hulisahau kwa kuwa linahusu ufundi. Picha za mwanzo zilihitaji mwanga mwingi na muda mrefu. Kilichosimama kilionekana, kilichokwenda kilipotea. Katika ile picha maarufu ya Daguerre ya barabara ya Boulevard du Temple jijini Paris, ya mwaka 1838, barabara iliyokuwa na msongamano wa magari ya farasi na waenda kwa miguu yaonekana tupu, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama kupigwa rangi viatu vyake na umbo la yule aliyekuwa akimhudumia. Wengine wote walipita mbele ya kamera na hawakuacha hata kivuli. Utupu wa picha ile si utupu wa mahali.

Mfano wa karibu nasi zaidi ni wa Daktari John Kirk. Alikuwa mganga na mtaalamu wa mimea katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi ulioanza mwaka 1858, na alipiga picha kando ya kazi yake hiyo, kwa shauku ya mtu wa ridhaa. Miongoni mwa picha zake zilizosalia zimo za mimea na za majengo ya bonde lile. Bonde lile nalo lilikuwa njia ya watumwa, na Kirk alilijua hilo vizuri. Miaka kumi na mitano baadaye, akiwa balozi wa Uingereza huko Unguja, ni yeye aliyemkabili Barghash hadi mkataba ukatiwa saini tarehe 5 Juni 1873, baada ya Frere kushindwa na kuondoka. Bila mkataba huo Frere Town isingekuwapo. Mtu mmoja, basi, ametuachia miti iliyotulia mbele ya kamera na mkataba uliowahusu watu waliokuwa wakipitishwa mbele ya miti hiyo. Hatumlaumu Kirk kwa uvivu wa vioo vyake. Tunasema tu kwamba anayeziangalia picha za aina hiyo leo, akastarehe kwa utulivu wake, anastarehe kwa kitu ambacho kwa sehemu ni upungufu wa chombo.

Na utupu huo haukukaa pichani tu. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye kudai ardhi ya Mwambao wajitokeze wathibitishe madai yao. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali. Wengi hawakujitokeza, kwa kutojua, kwa umbali, au kwa sababu umilikaji wao ulikuwa wa ukoo na haukuwa na karatasi. Machoni pa karani ardhi yao ilikuwa mandhari. Hatudai kwamba kamera ndiyo iliyotunga sheria ile, la hasha. Ila namna ya kutazama ni moja: kumwona mwenye mahali kuwa hayupo kwa sababu hakusimama kimya mahali alipotakiwa kusimama. Watu wa Kisauni, Likoni na Changamwe ambao hadi leo wanaishi kwenye ardhi wasiyo na hati yake hawahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Atatokea mpinzani aseme kwamba tunaubebesha uzuri mzigo usio wake. Mtu ameona mnazi umeinamia mkondo wa Tudor jua likitua, akaufurahia, akaupiga picha. Kwa nini adaiwe historia? Pingamizi hili lina nguvu kuliko linavyopewa, na wale wanaolipuuza kwa kusema kwamba kila kitu ni siasa hawajawahi, tunashuku, kuufurahia mnazi. Uzuri si kosa. Aidha ziko simulizi zinazoua picha, kama yalivyo maelezo marefu yanayofunika shairi jepesi. Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu upigaji picha, alieleza kwa kina picha moja ya mama yake alipokuwa mtoto, lakini akakataa kuichapisha, kwani kwa wasomaji ingekuwa picha ya mtoto yeyote. Alitoa simulizi akazuia picha. Kitendo hicho chatukumbusha kwamba vitu hivi viwili vyaweza kuachana na kila kimoja kikabaki na heshima yake. Jibu letu kwa mpinzani, kwa hiyo, si kwamba kila picha iandikiwe ukurasa. Deni huzaliwa pale picha inapotolewa kwa watu wengine. Anayeuweka mnazi wake sandukuni hana anayemdai. Anayewapa watu mnazi huo na kusema, hii ndiyo Frere Town, ametoa hukumu kuhusu mahali, na hukumu huulizwa ushahidi.

Ipo pia miti ambayo pingamizi hilo haliifikii kabisa. Misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ni miti kwa macho ya mgeni. Kwa wenyewe ni mahali pa makaburi, pa sala na pa viapo, na wazee wa kaya ndio wenye kauli ya nani aingie na afanye nini akiwa ndani. Hapo ridhaa hurudi mahali pake pa asili. Inatoka kwa wenye mahali, si kwa mwenye kamera, na hakuna anayeona ajabu kwamba mti uombewe ruhusa.

Mfano wa vigango ndio unaotushawishi zaidi kwamba simulizi si pambo. Vigango ni nguzo za ukumbusho ambazo Wagiriama na jamaa zao huwasimamishia marehemu waliokuwa wa chama cha Gohu. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy, ambaye upigaji picha haukuwa kazi yake, alipiga picha ya mzee mmoja kando ya vigango viwili alivyokuwa amewasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vigango hivyo viliibwa. Miaka mingi baadaye vilitambuliwa katika makumbusho ya vyuo vikuu viwili nchini Marekani, kimoja Illinois na kingine Hampton, Virginia, na kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudishwa Kenya. Kilichovirudisha ni picha. Lakini si picha tupu. Yule mtafiti alijua vigango ni vya nani, vilisimamishwa wapi, kwa ajili ya marehemu gani, na ni nani aliyelia viliponyakuliwa. Ingekuwa picha ya mtalii yenye maelezo ya sanaa ya Kiafrika, ingeliafikiana vizuri mno na kibao cha makumbusho, na huenda ingetumika kumwelekeza mwizi mwingine. Simulizi ndiyo iliyoigeuza picha ikawa shahidi wa familia.

Frere Town inahitaji mashahidi wa namna hiyo. Nyaraka za CMS zimehifadhiwa katika makavazi ya Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na watu wanaoweza kuutazama ukuta katika picha ya zamani wakasema hapa alikaa nyanya yetu wako Kisauni na Rabai. Kila mwaka wanapungua. Mwaka 2025 alifariki Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Frere Town na wa ukoo uleule wa Mbotela, ambaye tangu mwaka 1966 aliiuliza nchi nzima redioni, kuhusu jambo moja baada ya jingine, Je, Huu ni Ungwana? Sijui kama wasikilizaji wengi waliwahi kuiona kejeli iliyomo. Mwungwana, kwa asili ya neno katika Mwambao, ni yule asiye mtumwa, aliyezaliwa huru katika mji wake. Na aliyekuja kuwa msimamizi wa ungwana wa Wakenya alitoka katika kijiji cha watu walionyimwa neno hilo. Kipindi chake kilipima vitendo vidogo vya kila siku ambavyo sheria haivigusi. Kupiga picha ya nyumba ya mtu na kwenda zako ni kitendo cha aina hiyo.

Linabaki swali ambalo hatuwezi kulikwepa kwa kusema mpiga picha aulize wenyeji. Wenyeji gani? Mjukuu wa aliyeteremshwa jahazini ana kengele yake. Mjukuu wa mtoro aliyefika kwa miguu usiku, akiogopa kurudishwa kwa bwana wake, ana yake, na haifanani sana na ya kwanza. Jirani Mmijikenda ataanza kwa kuuliza ardhi ilikuwa ya nani kabla ya Price kufika. Na katika familia za Mombasa zilizopoteza watumwa na mashamba katika miaka ileile, kuna watakaosema, kwa sauti ya chini, kwamba kengele hiyo ilipigwa dhidi yao. Maelezo ya mstari mmoja chini ya picha hayana nafasi ya kuwakalisha wote hao. Anayechagua simulizi moja na kuzitupa nyingine amefanya kazi ya mtunzi, na ni haki asaini utunzi huo kwa jina lake: nani amesema, lini, na nani aliulizwa akakataa kujibu. Huyo wa mwisho, aliyekataa, aandikwe pia, kwa kuwa naye ameitumia ridhaa yake kwa namna pekee aliyoachiwa.